Kijana Aliyeharakisha Tabasamu

Mtu aliyekulia mashariki ya Mlima Meru hana haja ya kusema kwao ni wapi. Akicheka mezani Dodoma au Dar es Salaam, wenzake watasema wenyewe: wewe wa Arusha. Meno yake yana rangi ya kahawia, mengine yana mabaka meupe yasiyong'aa, mengine yametoboka vishimo vidogo. Wapo walioyazoea na hawajali. Wapo pia waliojifunza tangu shuleni kucheka huku wamefunika mdomo kwa kiganja.

Kijana wa kisa hiki alikuwa mmoja wa hao waliojifunika. Simpi jina, maana si mtu mmoja: nimemjenga kutokana na mambo yanayowakuta wengi Arumeru, ili yaliyompata yawafae wengi. Mlima, maji, maradhi na matibabu nitakayoyaeleza ni ya kweli, na kwa ajili hiyo nakisimulia kisa chenyewe.

Alizaliwa Ngarenanyuki, kwenye mashamba ya nyanya na vitunguu. Mama yake alimlea kwa maji ya mto uleule uliomlea yeye. Aliyachemsha kila siku ili mtoto asiharishe, na hapo alifanya vyema, kwa kuwa kuchemsha huua vijidudu. Lakini tatizo la maji ya Meru halikuwa vijidudu peke yake. Meru ni volkano, iliyolipuka mara ya mwisho mwaka 1910. Miamba na majivu yake yana floraidi nyingi, na maji yanayopenya humo huibeba hadi kwenye chemchemi, mito na visima. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasiwe na floraidi zaidi ya miligramu 1.5 kwa lita. Kwa kuwa maji mengine yalikuwa adimu, Tanzania kwa miaka mingi ilivumilia hadi miligramu 4. Baadhi ya mito na chemchemi za mashariki ya mlima, pamoja na za eneo la Maji ya Chai, zimepimwa na kukutwa na zaidi ya 10.

Floraidi haiondoki kwa kuchemsha. Maji yanapopungua kwa mvuke, inayobaki sufuriani huzidi kukolea. Vidonge vya klorini navyo haviigusi. Tena nyumbani kwao makande na maharage viliiva kwa magadi, na magadi ya kaskazini nayo huja na floraidi yake. Kwa hiyo mama yule, kwa upendo wote na bila kosa lolote, alimpa mwanawe floraidi kwenye kikombe na kwenye sahani.

Floraidi kidogo huliimarisha jino, ndiyo maana imo katika dawa ya meno. Ikizidi, madhara yake hutegemea umri. Meno ya ukubwani hujengwa ndani ya taya tangu mtoto anapozaliwa hadi anapofikia miaka minane hivi, na muda huo wote floraidi nyingi huvuruga ujenzi wa enameli, lile tabaka gumu la nje. Mwaka 1978 watafiti wawili wa Denmark, Thylstrup na Fejerskov, walichapisha kipimo cha kueleza ukubwa wa madhara hayo, chenye ngazi kuanzia 0 hadi 9. Watoto waliowachunguza walikuwa wa Tanzania, kutoka sehemu zenye floraidi nyingi majini. Kipimo hicho bado kinatumika na madaktari wa meno duniani, na jambo moja walilolionyesha ndilo kiini cha kisa chetu: jino lililoathirika huwa na ganda jembamba lililokomaa kwa juu, na chini ya ganda hilo enameli yenye vinyweleo vingi, dhaifu kuliko inavyoonekana. Kadiri ngazi inavyopanda, ndivyo udhaifu unavyozama ndani zaidi.

Kijana hakuambiwa hayo. Alichokijua ni kwamba alikuwa na meno machafu yasiyotakata hata akiyapiga mswaki mara tatu kwa siku.

Alipomaliza kidato cha nne alikwenda mjini, akajifunza udereva na uongozaji wa watalii. Kazi hiyo huanza kwa kumpokea mgeni uwanja wa ndege na huendelea kwa kuongea naye siku nzima, kuanzia Tarangire hadi Ngorongoro. Picha za kuagana hupigwa kila safari. Katika kila picha yeye alikuwa amefumba mdomo, mpaka wenzake wakamdhania ana kiburi.

Siku moja rafiki yake wa mtaa wa Sakina akamwambia, "Chalii wangu, unajitesa bure. Kuna jamaa anasugua meno. Nusu saa tu, unatoka meupe."

Hiyo ndiyo haraka ya kwanza. Jamaa huyo alifanyia kazi chumba cha nyuma cha kinyozi, akiwa na mashine ndogo ya kusagia na chupa ya tindikali. Hakuuliza historia ya mteja wala hakutazama fizi. Alisaga, akapaka, akasaga tena, kisha akampa kioo. Meno yalikuwa meupe kweli. Kijana alicheka njia nzima ndani ya kifodi bila kuinua kiganja.

Wiki haikuisha kabla maji baridi hayajaanza kumchoma. Ganda lile jembamba, ngao pekee aliyokuwa nayo, lilikuwa limesagwa. Kuondoa rangi ya floraidi kwenye meno kunawezekana, na madaktari wa meno hukufanya. Madoa mepesi husuguliwa kwa dawa yenye tindikali iliyopimwa, fizi zikiwa zimekingwa, na kinachoondolewa ni unene mdogo mno. Jino lililoathirika zaidi hufunikwa kwa dawa ya kuzibia yenye rangi ya jino, au kwa ganda jembamba la kauri. Tofauti ya daktari na jamaa wa chumba cha nyuma ni kwamba daktari hupima kwanza enameli iliyobaki, na akiona haitoshi hukataa kuisugua.

Kijana aliendelea kuishi na meno yale kwa mazoea yake ya zamani. Soda aliifungua kwa meno. Mfupa wa mbavu aliutafuna mpaka uboho. Jioni moja ya nyama choma akasikia mlio ndani ya sikio, ukifuatwa na maumivu makali yaliyokuja na kupotea. Jino lenyewe lilikuwa gego dogo la juu, la pili kutoka kwenye chonge, linaloonekana mtu anapocheka. Kuanzia hapo kila alipotafuna upande ule aliumia, na maumivu yalikuwa makali zaidi alipoachia kuliko alipouma.

Dalili hiyo inafaa kukumbukwa na kila msomaji. Maumivu yanayokuja wakati wa kuachia, pamoja na jino kuchomwa na baridi, mara nyingi huashiria ufa. Ufa hufunguka kidogo unapouma na kujifunga unapoachia, na msogeo huo huamsha neva iliyo ndani ya jino. Nao si rahisi kuonekana kwenye picha ya eksirei, hasa ukiwa mchanga, kwa hiyo mtu anaweza kupigwa picha na kuambiwa hana kitu. Daktari mzoefu humng'atisha mgonjwa kijiti kwa ncha mojamoja ya jino, humulika kwa taa, hupaka rangi inayoingia ufani, na huchunguza fizi kuzunguka mzizi.

Kwa hili kijana alifanya jambo la busara: alikwenda kwa daktari wa meno aliyesomea kazi hiyo, mama wa makamo.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mwanangu. Fungua mdomo tuone."

Alipomaliza kuchunguza akamweleza kwa lugha ya kazi yake. "Wewe ni dereva. Jiwe likipiga kioo cha gari, unaona kaufa kadogo. Ukikawahi, kioo kinapona. Ukiendelea kukimbiza gari kwenye makorongo, ufa unatambaa mpaka kioo chote kinakwenda. Jino lako liko hapo pa kaufa kadogo. Nilivishe kofia mwezi huu, lishikwe pande zote. Neva ikionekana imeshaumia, tutasafisha mzizi kwanza. Ila usinikawize."

Ilikuwa mwishoni mwa Mei. Msimu mkubwa wa wageni huanza Juni na kwenda hadi Oktoba. Kijana alipiga hesabu ya siku za kazi atakazokosa na fedha za kofia, akasema, "Daktari, wageni wakiisha nitarudi."

Hiyo ndiyo haraka ya pili, ingawa ilivaa sura ya subira. Alikuwa na haraka ya fedha za msimu, akaliacha jino lisubiri. Duka la dawa likamsaidia kusubiri. Alimeza vidonge vya kutuliza maumivu asubuhi na jioni, na vile vya rangi mbili kila fizi ilipovimba. Dawa ya maumivu hunyamazisha jino bila kuunganisha ufa. Dawa ya kuua vijidudu hupunguza uvimbe kwa siku kadhaa, na bakteria hurudi kwa sababu mlango wao, yaani ufa, bado uko wazi. Kuzimeza hovyo huwafundisha bakteria usugu, na siku utakapozihitaji kweli zitakuangusha.

Oktoba jino lilipasuka vipande viwili, ufa ukashuka hadi kwenye mzizi. Usaha ulikuwa umetengeneza kijipu kwenye fizi. Daktari alilitazama kwa huzuni. Jino lililopasuka ncha hujengwa. Lenye ufa ulioishia kwenye taji, yaani sehemu iliyo juu ya fizi, huvishwa kofia. Lililofika kwenye neva husafishwa mzizi kisha likavishwa kofia. Likishagawanyika mpaka mzizini halina matibabu isipokuwa kung'olewa. Alimpiga ganzi, akaling'oa, akamwambia arudi kidonda kitakapopona wapange namna ya kuziba pengo.

Hakurudi. Kidonda kilipona, maumivu yakaisha, na mtu asiyeumwa husahau. Tatizo ni kwamba mfupa wa taya huishi kwa kutumiwa na jino. Jino likiondoka, mfupa uliolishika huanza kuyeyuka, na ndani ya mwaka wa kwanza upana wa mahali pale unaweza kupungua karibu nusu. Majirani wa pengo huanza kuinamia upande wenye nafasi, na jino la taya ya pili, likikosa la kukutana nalo, hushuka au hupanda. Kwa miaka miwili kijana aliona pengo moja tu kwenye kioo, wakati ndani ya taya hasara ilikuwa ikiongezeka kimyakimya.

Kisha akasikia kuhusu meno ya kupandikizwa. Aliona tangazo la mahali fulani katika mji mwingine: jino jipya kwa siku moja, bei nafuu. Harusi yake ilikuwa karibu. Akapanda basi.

Jino la kupandikiza lina historia ya uvumilivu. Mwaka 1952 mtafiti wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa akichunguza mfupa wa sungura kwa kifaa cha titani. Alipotaka kukitoa akakuta kimeshikamana na mfupa, hakitoki. Hakukimbilia kinywani mwa mtu. Ilipita zaidi ya miaka kumi ya majaribio hadi mwaka 1965 alipompandikizia mgonjwa wa kwanza. Utaratibu aliouweka ndio msingi hadi leo: skrubu ya titani huingizwa kwenye mfupa, na kwa kawaida huachwa miezi mitatu hadi sita ili seli za mfupa ziishikilie, ndipo ifungiwe jino la juu. Skrubu ikitikisika mno katika muda huo, mwili hujenga utando laini mahali pa mfupa, na skrubu haitashika tena. Wapo wagonjwa wanaoweza kupewa jino la muda siku ileile, lakini ni wale waliopimwa na kuonekana wana mfupa wa kutosha na skrubu imeshika imara tangu mwanzo.

Kijana wetu hakuwa na mfupa wa kutosha, wala hakuna aliyeupima. Hakupigwa picha ya kuonyesha unene wa taya. Hakuulizwa kama anavuta sigara, naye alikuwa akivuta pakiti kwa siku. Sigara hubana mishipa ya damu ya fizi na kuchelewesha mfupa kushika. Hakupimwa sukari, ingawa kisukari kisichodhibitiwa huharibu uponaji. Fizi zake zilikuwa zikitoka damu, na hazikusafishwa kabla. Alitoka na jino jeupe mdomoni, akaoa akicheka waziwazi, na mwezi wa nne jino likaanza kucheza. Mwezi wa sita lilitoka na skrubu yake, likiacha shimo kubwa kuliko la awali. Hiyo ilikuwa haraka ya tatu, na ndiyo iliyomgharimu zaidi.

Alirudi kwa yule mama daktari akiwa ameinamisha kichwa. "Pole, mwanangu," alimwambia, na hakumsimanga. Alimpiga picha, akamweka wazi juu ya njia zote. Daraja lingehitaji kusaga meno mawili ya jirani ili yalibebe jino la katikati, na meno yake ya jirani yalikuwa yameshapoteza enameli kwa tamaa ya weupe. Meno bandia ya kuvaa na kuvua yangeziba pengo kwa gharama ndogo, hayana aibu yoyote, na kwa wazee wengi ndiyo jibu bora. Pandikizi bado lingewezekana, kwa masharti: aache sigara, fizi zitibiwe, shimo lipone, kisha aongezewe mfupa, asubiri ushike, apandikizwe, asubiri tena, ndipo avishwe jino.

Safari hii alikubali kila sharti. Alivaa jino bandia la muda na kuongoza wageni nalo. Ilipita zaidi ya mwaka mzima hadi kazi ilipokamilika, na fedha zilizotoka zingeweza kulipia ile kofia ya Mei mara nyingi. Daktari alimwonya jambo la mwisho: skrubu haiozi, lakini fizi na mfupa vinavyoizunguka vinaugua. Kupiga mswaki, kusafisha katikati ya meno na kurudi kukaguliwa ni deni la maisha.

Wakati huo mkewe alikuwa mjamzito. Mama wa kijana alikuja kutoka Ngarenanyuki kumsalimu, akauliza mjukuu atakunywa maji gani. Swali hilo ndilo lililopaswa kuulizwa miaka thelathini nyuma, nalo lina majibu, tena karibu na nyumbani. Ngurdoto kuna kituo cha utafiti cha Wizara ya Maji ambacho kwa miaka mingi kimetengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, unaonasa floraidi. Tengeru kuna Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela. Mwanasayansi wake, Dk. Askwar Hilonga, mzaliwa wa Karatu, alishinda mwaka 2015 Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi, inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, kwa kichujio kinachoweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali, floraidi ikiwemo. Kichujio chochote cha namna hii huchoka. Mkaa usipobadilishwa kwa wakati, maji hupita na floraidi yake. Maji ya mvua yaliyovunwa kwenye bati safi na kuhifadhiwa kwenye tangi lililofunikwa yana floraidi kidogo sana. Hata maziwa ya mama yana floraidi kidogo, ingawa mama mwenyewe anakunywa maji ya Meru, kwa hiyo mtoto anayenyonya maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo amekingwa.

Kama familia haimudu maji salama ya kutosha wote, yatengwe kwanza kwa ajili ya mtoto aliye chini ya miaka minane, ya kunywa na ya kumpikia. Chakula chake kisitiwe magadi. Dawa ya meno awekewe kidogo tu na afundishwe kutema. Mwenye kisima apeleke sampuli kwenye maabara ya maji, kwani majirani wawili wanaweza kuwa na visima vyenye floraidi tofauti kabisa. Faida ya tahadhari hizi inavuka meno: floraidi nyingi kwa miaka mingi huharibu pia mifupa, na watoto wenye miguu iliyopinda wameonekana katika vijiji hivyohivyo.

Kwa mtu mzima ambaye meno yake yameshaungua, funzo ni hili. Rangi ya kahawia si uchafu wala si aibu, na asiyeumizwa nayo aiache. Anayetaka kuibadilisha aende kwa daktari wa meno aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na asione haya kuuliza usajili huo. Asifungue chupa wala asivunje mfupa kwa meno yaliyodhoofishwa na mlima. Akiumia anapoachia kutafuna, aende wiki hiyohiyo, msimu au si msimu. Akiambiwa jino lake linaokoleka, aliokoe, kwa sababu pandikizi lililo bora kuliko yote limetengenezwa kuchukua nafasi ya jino lililokufa, na hakuna daktari mwaminifu atakayelipendelea mbele ya jino lililo hai. Na akilihitaji pandikizi, amkimbie anayemwahidi upesi kabla ya kumpima.

Hakuna skrubu ya titani itakayowatosha watoto wa Arumeru wote. Maji yaliyochujwa yanaweza kuwatosha, na mzazi aliyesoma kisa hiki anaweza kuanza na kikombe cha mwanawe leo.